Kikombe Alichonificha Minza

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa, Neema, muuguzi kijana niliyefanya naye zamu mwaka wangu wa mwisho pale Bariadi, aliniomba niwaandikie wenzake kitu. "Andika hata kurasa chache, mama. Ulivyoanza, na nani alikufundisha kazi." Vyeo siandiki. Nilipanda polepole, na barua zake zipo kwenye faili kwa yeyote anayetafuta usingizi. Nitaandika juu ya jambo ambalo chuoni tulifundishwa kwa kipindi kimoja tu, tena baada ya chakula cha mchana, mwalimu mwenyewe akipiga miayo: namna ya kusema na mgonjwa. Walionifundisha kazi ni wawili. Wa kwanza nitamtaja sasa hivi, wa pili atakuja zamu yake ikifika.

Nilishuka Malampaka kwa treni asubuhi, nikiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba. Zahanati niliyopangiwa ilikuwa mbali na stesheni, nikapewa nafasi juu ya gari la ng'ombe lililobeba mbegu za pamba. Nilikuwa nimevaa sare nyeupe na kofia yake, kwa sababu nilitaka kijiji kione kwamba muuguzi amefika. Walichoona ni mtu aliyejaa vumbi hadi kwenye kope, aliyeshindwa hata kujibu "mwangaluka" kwa kukauka koo. Nyumbani nimelelewa kwa Kisukuma, baba alikuwa mwinjilisti, lakini siku hiyo salamu ilinishinda.

Aliyenipokea ni Mama Paulina, mkuu wa zahanati. Mkatoliki wa Kiloleli, mwembamba, asiyependa maneno mengi wala soda ya moto. Asubuhi yangu ya kwanza alinipa fetoskopu, kile kipembe cha mbao tunachoweka juu ya tumbo la mjamzito kusikiliza mapigo ya mtoto. Nikaweka sikio, na hapo hapo nikaanza kumuuliza mama maswali, maana nilitaka kuonekana nina kasi. Mama Paulina alinipokonya kipembe mbele ya mgonjwa.

"Ama uulize, ama usikilize. Vyote viwili kwa pamoja huwezi."

Alikuwa pia na kigoda kifupi cha miguu mitatu. Kila alipotaka kuzungumza na mama mjamzito alikivuta akakaa, hata akawa chini ya macho ya yule mama. Mimi nilidhani mgongo unamsumbua. Nilimshauri anywe dawa. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nitakunywa," na akaendelea kukaa kwenye kigoda chake mpaka siku aliyostaafu.

Alipoondoka kurudi Kiloleli, zahanati ilibaki mikononi mwangu, na kigoda nikakipeleka stoo. Hapo ndipo nilipopata jina la Nesi Pilipili. Niseme ukweli, sikulichukia. Siku ya kliniki benchi la akina mama lilikuwa linajaa, wengine wametembea tangu alfajiri, watoto wanalia, kadi zimelowa, na mimi ni mmoja. Nikagundua kwamba nikimkaripia wa kwanza, kumi wanaofuata wanakaa sawa. Aliyechelewa nilimwuliza kama jua la kwao linachomoza mchana. Aliyebeba mimba ya saba nilimwuliza kama anatafuta timu ya mpira. Wenzake walicheka, naye aliinamisha kichwa, foleni ikaenda. Ukali unafanya kazi, vijana, asikudanganye mtu. Unafanya kazi siku hiyo hiyo, na ndiyo maana ni vigumu kuuacha. Nilipata kimya nikakiita heshima.

Na Jumapili nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Mchungaji alihubiri mara kwa mara juu ya ulimi, kiungo kidogo kinachowasha moto mkubwa. Nilitikisa kichwa kwa kukubali, nikimfikiria jirani yangu aliyekuwa msengenyaji. Haikunijia hata siku moja kwamba mahubiri yale yangeweza kuvaa sare nyeupe yakakaa nyuma ya meza yangu.

Sasa Minza. Alikuwa mke wa kijana mkulima wa pamba aitwaye Masanja, mama wa mtoto mmoja wa kike, Kabula, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Minza na mumewe walikuwa wamebatizwa mwaka ule ule, na mimi nilikuwa kati ya walioimba siku hiyo. Waliishi kwa mama yake Masanja, mama wa kimila, mwenye imani zake za zamani na mitishamba yake. Kwao huko mkwe akikupa kikombe, unakipokea kwa mikono miwili na unakinywa mbele yake. Hakuna mke wa kijana anayesema, "Asante, sitaki."

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane, Minza alikuja kliniki. Alipopanda kwenye mzani, fundo la kanga likafunguka na kifurushi cha mizizi kikaanguka sakafuni. Niliijua: dawa ya kuongeza uchungu, wanayopewa wajawazito ili wakianza kuumwa wajifungue upesi. Ni dawa ya hatari. Kizazi kinabana bila kupumzika, na mtoto akiwa amekaa vibaya au ni mkubwa, kinaweza kupasuka. Hilo ndilo nililopaswa kumweleza, taratibu, mlango ukiwa umefungwa.

Badala yake niliinua kile kifurushi juu ili benchi zima lione.

"Jumapili unabatizwa, Jumatano unabeba mizizi! Mungu wako yuko wapi, kanisani au kwenye fundo la kanga? Kama unataka uganga, kazalie kwa mganga, usije kunichafulia zahanati."

Benchi likacheka. Minza alishuka kwenye mzani, akafunga kanga yake upya, akachukua kadi. Mimi nilitupa mizizi kwenye ndoo ya takataka na kuita jina linalofuata. Siku ile nilidhani natetea imani. Leo najua nilikuwa natafuta kuchekewa, na nilimtumia Mungu kama fimbo ya kuchungia.

Alirudi wakati wa kuvuna pamba, mchana kweupe, akiwa amelala kwenye gari la ng'ombe, mama mkwe wake pembeni. Uchungu ulikuwa mkali mno. Kwa kawaida uchungu unakuja, unaondoka, mama anapumua, unakuja tena. Huu haukumpa nafasi ya kupumua. Nikashika tumbo, gumu kama meza.

"Umekunywa dawa?"

"Hapana, nesi."

"Usinidanganye, Minza! Umekunywa?"

"Hapana."

Nikatoka nje kumwuliza mama mkwe. Alikuwa ameketi kivulini mwa gari, akitazama miguu yake. "Mimi sijui kitu," akasema. Nikarudi ndani nikapima tena, nikasubiri, nikapima. Kama ningejua kwamba amekunywa, na lini, ningemtafutia usafiri saa ile ile aende hospitali kwenye chumba cha upasuaji, kwa sababu zahanati yetu haikuwa nacho. Sikujua, au tuseme nilishuku lakini nikaona nisiwapelekee madaktari mgonjwa kwa kushuku tu, wakasema Nesi Pilipili ameshindwa kuzalisha. Tukapoteza mchana.

Kisha uchungu ukakatika ghafla. Mkunga yeyote anayesoma hapa anajua maana yake: kizazi kimepasuka. Minza akasema, "Afadhali, nimepumzika." Niliweka fetoskopu tumboni, nikahamisha, nikahamisha tena. Safari hiyo sikuwa na neno lolote la kusema, nilisikiliza kwa masikio yangu yote, na hakukuwa na cha kusikia.

Lori la pamba lilikuwa linapita kwenda Maswa, dereva akashusha marobota pale pale barabarani bila kuuliza mara mbili. Madaktari waliokoa maisha ya Minza. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki, na kizazi ilibidi kiondolewe. Alikuwa binti mdogo kuliko wengi wenu mnaosoma hapa.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona wodini. Nilitaka kuelewa, au labda nilitaka aniambie kwamba kosa ni la mkwe wake. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiria kidogo, kama mtu anayeshangaa swali. "Ungenigombeza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyosema mvua ikinyesha utalowa.

Nililia kwenye basi njia nzima kurudi, mbele za watu, mimi ambaye sikuwahi kuona haya mbele za watu. Mizizi ilitoka kwa mkwe, ni kweli. Lakini nafasi ya mwisho ya kumwokoa mtoto ilikuwa swali langu moja na jibu lake moja, na jibu lile nilishaliua mwezi mmoja kabla, juu ya mzani, watu wakicheka.

Alipopona nilikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha. Nilibeba sukari na kanga mpya, nikamkuta nyuma ya nyumba akikatakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Nikaketi, nikasema sana. Nikaeleza uchache wa watumishi, uchovu, hatari ya mitishamba, neema ya Mungu. Nadhani nilitoka Mwanzo hadi Ufunuo. Minza aliendelea kukata viazi. Nilipomaliza alisema, "Nimesikia, nesi," akachukua kiazi kingine. Sukari aliipokea, maana ni mtu mwenye adabu. Nikaondoka nimechoka kuliko nilivyokuja.

Sikulala vizuri kwa majuma mengi, na kwaya nikaiacha, nikisingizia kikohozi. Mwishowe nilipanda gari kwenda Kiloleli kwa Mama Paulina. Alikuwa anapepeta mpunga. Nikamsimulia yote, pamoja na ule msamaha, nikitarajia aseme nimefanya vizuri.

"Ulimtukana wapi?" akauliza.

"Kliniki."

"Na msamaha ukaombea wapi?"

"Kwao. Nyuma ya nyumba."

Akapepeta kidogo. "Basi umemvua nguo sokoni, umekwenda kumfunika chumbani. Na wale waliocheka, watajuaje kwamba ulikosea? Kesho nani atakuambia ukweli?"

Nilimwambia kwamba nikijishusha mbele ya benchi wataacha kuniheshimu. Akaniangalia kama siku ile nilipomshauri juu ya mgongo. "Mwanangu, hawakuheshimu. Wanakuogopa. Mtu anayekuogopa utamzalisha gizani, taa ikiwa mkononi mwako." Kisha akaniambia nikaoshe mikono tule.

Siku ya kliniki iliyofuata nilitoa kile kigoda stoo, nikakifuta vumbi, nikakiweka mbele ya benchi na kukaa. Nimefanya kazi nyingi ngumu, nimezalisha mapacha kwa tochi iliyokuwa inakufa, lakini hiyo ndiyo dakika iliyonitoa jasho zaidi. Nikasema kwa Kisukuma, ili asibaki mtu wa kutafsiriwa: kwamba nilimwaibisha mwenzao hapa, mbele yao, na kwa sababu hiyo alinificha kitu, na mtoto akafa. Kwamba kosa lilikuwa la mdomo wangu, nami ni Mkristo niliyejua nilichofanya. Kwamba yeyote aliyepewa kikombe nyumbani aniambie, sitamgombeza na sitamtaja. Nilikaa kimya baada ya hapo, jambo ambalo halikuwa desturi yangu.

Walitazama chini. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akasema, "Haya, mayu, tumesikia," akiniita mama, kwa sauti ileile ya Minza, nikadhani nimeshindwa tena. Juma la kwanza hakuna aliyesema. La pili hakuna. Mwezi ulikuwa unaisha, mama mmoja alipobaki wa mwisho kwenye benchi akasubiri wote watoke, akafungua fundo la kanga mwenyewe na kuweka mizizi juu ya meza. Nilimshukuru. Nikauma ulimi wangu, nao unajua kwa nini umeumwa. Nilimweleza hatari yake kwa maneno machache. Kisha nikamwomba ruhusa nije nizungumze na mkwe wake, kwa salamu ya kwao, bila sare.

Kwa hiyo nawaandikia namna ninavyouliza, maana hilo ndilo la kuchukua kwenye kurasa hizi. Usiulize, "Umekunywa dawa?" Hilo si swali, ni mtego, na hata mtoto anajua jibu linalotakiwa. Kaa chini. Sema, "Nyumbani wamekusaidiaje? Kikombe cha mwisho umekunywa saa ngapi?" Halafu funga mdomo. Subiri hata kama leba imejaa. Jibu likija, kitu cha kwanza kutoka kinywani mwako kiwe "asante." Usikunje hata paji la uso.

Na msidhani kauli njema ni kumwita kila mgonjwa "mrembo" kwa sauti ya asali. Kuna niliyefanya naye kazi aliyekuwa mtamu hivyo, na hakuna alichokuwa anasikia. Wala upole si kukosa msimamo. Nimewahi kumwambia mwanaume mzima asimame nje na afunge mlango, akatii. Nilichojifunza ni kuchuja neno kabla halijatoka: ni la kumsaidia huyu, au la kunipamba mimi? Kwa mtu wa hasira kama mimi kichujio hicho hakikuja chenyewe. Kila asubuhi nikifunga kifungo cha juu cha sare niliomba, "Bwana, nishikie mdomo mpaka zamu iishe." Siku nyingine alinishikia. Siku nyingine niliuponyoka mkono wake, nikarudi kwa mgonjwa kuomba radhi, pale pale nilipomkosea, mbele ya walewale waliosikia. Hilo linapunguza hamu ya kukaripia kuliko semina yoyote.

Minza sikumwona tena kwa miaka mingi. Nilihamishwa mara mbili, nikamalizia Bariadi. Nilisikia kwamba alisali kanisa lingine, na kwamba zile habari za kigoda zilimfikia. Alisema nini juu yake, hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza.

Miezi mitatu kabla ya kustaafu, asubuhi, baada ya kupokezana zamu, aliletwa leba mama wa mimba ya tatu, anabanwa na uchungu usiopumzika. Neema ndiye aliyempokea. Nilikuwa meza ya pili najaza kadi, nikamsikia.

"Dada, umekunywa za kienyeji wewe?"

"Hapana."

"Kweli? Mbona tumbo liko hivi? Mnatuletea matatizo halafu..."

"Neema," nikasema, "niletee kigoda." Akanyamaza, akaleta. Nikachukua kadi nisome jina kabla ya kukaa, na macho yakagota hapo. Kabula Masanja. Nikageuka mlangoni. Mwanamke aliyemsindikiza alikuwa amesimama akiwa ameshika beseni, nywele zimeanza mvi chini ya kitambaa, ananitazama. Alikuwa ameshanitambua kabla yangu.

Nilisahau miaka yangu yote ya kazi. Nilitamani kutoka nikamwite mtu mwingine. Lakini mtoto wake mmoja tu aliyebaki alikuwa mbele yangu, tumbo gumu kama meza, nami nilikuwa nikihitaji jibu lilelile. Nikakaa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwambia Kabula.

"Mwangaluka."

"Nyumbani wamekusaidiaje? Kikombe cha mwisho umekunywa saa ngapi?"

Kabula akafumba macho, uchungu ukampitia. Alipofumbua hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake. Neema alikuwa amesimama na kalamu hewani. Nilitaka sana kusema kitu, chochote, kwamba sitagomba, kwamba nimebadilika, kwamba nisamehewe. Nikafunga mdomo nikasubiri, na sijawahi kusubiri vile.

Minza aliweka beseni chini.

"Mwambie," akasema.

Kabula akasita. "Mama..."

"Mwambie yote. Huyu usimwogope. Huyu nilimfundisha mimi."

Basi Kabula akasema. Vikombe viwili, kimoja alfajiri, kingine jua lilipotoka, alivyopewa na mkwe wake. Minza mwenyewe akafungua pembe ya kanga na kuniwekea mkononi mizizi iliyobaki, ili daktari aione. Nikasema asante. Daktari aliitwa bila kupoteza dakika, Kabula akaingizwa chumba cha upasuaji, na kabla ya saa nne tulisikia mtoto wa kike akilia huko ndani kwa hasira, kama aliyechelewa foleni. Minza alikuwa kwenye benchi la korido. Niliketi karibu naye. Hatukusema lolote la zamani. Alisema "wabeja," ndiyo asante ya kwetu, nikasema "wabeja," akanipa nusu ya chungwa lake.

Jioni tukikabidhi zamu, Neema aliniuliza kwa heshima kama yule mama alikuwa mwalimu wangu chuoni, maana hakuonekana kuwa na umri huo.

Nikamwambia si chuoni, lakini ndiyo, ni kweli alinifundisha, na ada alilipa yeye.